Wote Tisa Kwenye Benchi la Mateka

Tangu turudi, sijapita Matonge, hapa Brussels, hata siku moja bila mtu kunishika mkono aniulize yaliyotupata Amerika. Saluni wananiuliza, kwenye foleni ya mihogo wananiuliza, na juzi kwenye ngazi za metro ya Porte de Namur mama mmoja alinizuia mpaka nikakosa treni mbili. Hadija amekwisha kuwasimulia kwa namna yake, na kila akisimulia anazidi kuwa kijana ndani ya hadithi. Faida hasimulii. Basi nimeona niandike mara moja, msome wenyewe, mniache nipumzike. Nina miaka hamsini na mitatu, na magoti yangu yananizidi umri.

Habari za viza na tiketi naziruka. Zilinichosha wakati wake, sina nguvu ya kuchoshwa nazo tena.

Amerika ni mbili, hilo mnalijua. Vita vyao vya ndugu viliisha bila mshindi, Kaskazini ikaenda zake na Kusini zake, mto Ohio ukawa mpaka. Utumwa Kusini ulikufa polepole, kwa kuaibishwa na dunia, si kwa kupenda kwao. Hata michezo waligawana. Mabondia wao hawakanyagi kwa wenzao, wakitaka kupigana huja hapa Brussels, ndiyo maana hoteli za Gare du Nord hujaa siku zile. Kaskazini wana besiboli. Kusini, watu weusi hasa, wana mpira wa nguzo, ambao ni ndugu wa besiboli wa tumbo moja, ila haukutaka kusahau. Unapiga mpira kwa fimbo, unakimbia kuzunguka nguzo nne. Wapinzani wanakurushia mpira mwilini. Ukikupata, wewe ni mateka: unakwenda kukaa kwenye benchi lao mpaka mwenzako mmoja azunguke nguzo zote afike nyumbani, yaani pale alipoanzia, hapo mateka wote mnaachiwa. Timu ikikamatwa yote, mchezo umekwisha palepale. Wanasema ulianzia kwenye kambi za wafungwa wa vita. Kaskazini walilifuta benchi la mateka kwa sababu liliwakumbusha mengi, Kusini wakalibakiza kwa sababu hiyohiyo.

Mimi nilifundishwa na mzee wa Kusini ninayemtunza nyumbani kwake karibu na Flagey. Siku moja nilimweleza rede tuliyokuwa tukicheza Kigoma tukiwa wasichana, wawili wanarusha mpira na mmoja katikati anakwepa. Akacheka mpaka akakohoa, akasema nusu ya mchezo wa kwao naijua tayari. Tukaanza Jumapili kando ya mabwawa, mimi, Hadija wa Buyenzi, Faida wa Bukavu na wengine sita, wote wafanya usafi na watunza wazee. Tulitaka kupunguza matumbo tu. Kwa kuwa Ubelgiji nzima hakuna mwingine anayecheza nguzo, tulipoandika barua Kusini walitujibu kwa jina la timu ya taifa. Tulicheka wiki nzima.

Faida peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyesema tuandike ile barua.

Mama yake Faida alifariki hapa Brussels wakati wa baridi, nyote mlikuja kwenye matanga. Mdogo wa Faida, Sifa, alichukuliwa na Kusini kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, akapelekwa kwenye kiwanda cha kuku. Wafanyakazi wa mkataba kule hawatoki, na ndugu zao hawaingii. Wanaoingia ni timu za michezo, kwa sababu Kusini hupenda mno kuonekana ikicheza na mataifa. Na Sifa alikuwa hajui kuwa mama amekufa. Nilimuuliza Faida kwa nini asimpigie simu tu, tukiwa tumekaa pale Flagey na viatu vyetu vya matope.

“Bon, Maman Zena, Sifa iko peke yake kule,” akasema. “Nikimuambia na telefone ataanguka, alors nani atamushika? Kifo, muntu anaambiwaka akiwa amekaa, na muntu pembeni yake. Nitamuambia mie mwenyewe, mukono yangu juu ya mugongo yake.”

Nikamuuliza anamjibu nini Sifa akimtaka mama kwenye simu. Akasema anamwambia mama amelala. Miezi minne mama wa watu amelala.

Gare du Nord mpaka angani

Mpango ulikuwa mzuri. Siku moja ya ndege, siku moja ya treni, halafu siku mbili nzima kwenye mji wa Sifa kabla ya mechi ya Jumamosi. Sifa alikuwa ameomba ruhusa siku hizo mbili. Jumamosi saa kumi na mbili jioni lazima tuwe tumevuka daraja kurudi Kaskazini, la sivyo wenyeji wetu wanafungiwa kualika wageni.

Tulikutana Gare du Nord alfajiri, tisa wenye fulana nyekundu zilizotubana. Treni hazikuwepo. Mgomo. Mtu aliyekaa Brussels miaka yote hii angeuliza mapema, lakini kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameuliza. Tukapanda basi, basi likatushusha nusu ya njia, tukatembea na mabegi kando ya barabara kama watu wanaohama. Ndege ilituacha. Tukapata nyingine kesho yake.

Faida alikaa kwenye sakafu ya uwanja wa ndege akiwa ameegemea begi lake. Nilimwambia tumebakiwa na siku moja mbele ya mechi, nayo inatosha. Aliitikia kwa kichwa. Kwenye begi alikuwa amebeba kitenge cha mama yao na picha za maziko.

New York mpaka Ohio, kwa treni

Kwa wale mnaotaka kujua New York ikoje: sijui. Niliona ukuta wa stesheni na viatu vya watu.

Treni ya kuelekea Ohio iliondoka vizuri, tukala mayai ya kuchemsha ya Hadija, tukasinzia. Mchana ikasimama kwenye mji mdogo, dereva akashuka, kondakta akashuka, hata muuza chai akashuka. Timu ya mji ule ilikuwa fainali, na kule Kaskazini wafanyakazi wa reli wanayo haki, imeandikwa kabisa, ya kutazama fainali ya kwao. Besiboli haina saa. Inakwisha ikitaka kwisha.

Nilimfuata kondakta hadi uwanjani nikamweleza kwa Kiingereza changu cha sekondari kuwa tuna msiba. Alinihurumia kwa dhati, akanipa kiti chake. Kila mtu pale alikuwa na kidaftari, anaandika: nani amepiga, nani amekosa, mara ngapi tangu azaliwe. Wameufanya mchezo kuwa hesabu, na wanaupenda hivyo. Hadija akaenda kununua mkate wenye soseji, akamuuliza muuzaji kama ile ni nyama ya nguruwe. Muuzaji akamjibu matokeo ya mchezo. Akauliza tena, akajibiwa jina la mpigaji. Akala mkate mtupu, akisema wallahi hawa watu hata ukiwaambia nyumba inaungua watakuuliza inaungua kwa ngapi.

Kisha ikanyesha. Mchezo ukaahirishwa mpaka asubuhi, na treni pamoja nao. Tukalala vitini. Ile siku yetu moja iliyobaki ikaishia hapo, kwenye mji ambao hata jina lake silikumbuki.

Sifa alipiga simu. Faida alitoka nje kwenye mvua kuzungumza naye. Nilimsikia akisema, kabla hajakata, kuwa mama anamsalimia.

Daraja

Daraja la mpakani linavukwa kwa miguu. Tulifika Ijumaa mchana, tukiwa na matumaini ya kulala upande wa pili na walau kupata jioni moja. Ofisa wa Kaskazini akatoa mipira yetu minne, akaipima kwa kipimo cha chuma. Haikuwa ya besiboli. Ilikuwa mikubwa na laini, kwa sababu hii ni mipira ya kumpiga mtu. Akasema haipiti. Nikamwambia tunatoka nayo, hatuingii nayo. Akasema haikupaswa kuingia pia. Akaiweka chini ya meza.

Katikati ya daraja tukakutana na ofisa wa Kusini, mzungu mzee, mpole kupita kiasi, anayevua kofia kwa kila mmoja wetu. Akauliza mipira iko wapi. Nikamweleza. Akasikitika sana, akasema timu isiyo na mpira kwa karatasi zake ni watalii, na watalii hawaingii.

Nilikaa chini palepale kwenye lami. Nawaambieni ukweli, nilitaka kurudi nyumbani.

Ni Hadija aliyeanza kuvua soksi. Tukavua wote, jozi tisa, tukazisokota na kuzifunga kwa kamba za viatu kama tulivyofanya utotoni, mpira ukatoka. Mimi nikasimama huku, Hadija kule, Faida katikati. Nyinyi mmemwona Faida kando ya mabwawa, lakini hamjamwona vile. Tulirusha mpaka mabega yakauma, hatukumpata. Yule ofisa akaomba na yeye ajaribu, akarusha mara nyingi, hakumpata. Faida alikuwa anakwepa huku analia, wala si kwa hasira, machozi tu yanamtoka na miguu inafanya kazi yake.

Ofisa akagonga mihuri. Lakini bosi wake naye alitaka kuona, na bosi alikuwa anakuja kutoka mbali. Alipofika, mabasi ya siku yalikuwa yamekwisha.

Basi la Kusini

Jumamosi asubuhi tukapanda basi ambalo lilisimama kwa kila mtu aliyeinua mkono na kwa wengine ambao hawakuinua. Nilitazama nyuma ya kila shule tuliyopita, sikuona goli la kikapu hata moja. Kikapu kule wanakiita mchezo wa Kaskazini. Nilichoona ni nguzo nne, nne, nne, kwenye kila kiwanja, na benchi refu kila upande.

Tulisimama mahali tukapewa bamia, maharage na uji mzito wa mahindi meupe ambao Hadija aliuita ugali uliokata tamaa. Mwanamke aliyetupakulia alitutazama nyuso akatuuliza sisi ni watu wa wapi hasa, na nilipomjibu Ubelgiji alicheka kwa adabu, akaongeza bamia. Faida hakula. Alikuwa anafanya mazoezi ya maneno, midomo inacheza bila sauti.

Nilimwambia tukifika ataomba dakika chache na Sifa kabla ya mechi. Nilikuwa najidanganya. Tulichelewa saa nzima.

Uwanjani

Tulishushwa mlangoni mwa uwanja watu wakiwa wameshajaa, na dereva akasema wazi: mechi ikiisha, mnapanda, naondoka, la sivyo daraja linafungwa.

Sifa alikuwepo. Alikuwa upande wa pili wa uwanja, amefunga kitambaa cheupe mkononi. Kila timu ya nguzo ina mtunza mateka, kwa kawaida mama asiyeweza tena kukimbia. Kazi yake ni kukaa nao na kuwalisha, maana wanasema hata zamani kambini mateka alikuwa halali na njaa. Sifa mguu wake uliharibika kiwandani, ndipo timu ya pale ikampa kazi hiyo. Na mtunza mateka akishafunga kitambaa haondoki benchini mpaka mchezo uishe, akiondoka timu yake imeshindwa. Alikuwa amekifunga kwa wakati. Sisi ndio tuliochelewa.

Alituona, akasimama, akapunga mikono miwili. Akamwita dada yake kwa sauti kuvuka uwanja wote: “Yaya! Maman anaendelea je?”

Na Faida, kwa mazoea ya miezi minne, akamwitikia: “Anakusalimia!”

Kisha akanigeukia uso umemwisha damu. Refa akapuliza filimbi.

Faida ndiye aliyeanza, kwa sababu ndiye aliye bora kati yetu. Akapiga mpira mzuri, akakimbia, akapita nguzo ya kwanza. Kisha akasimama. Akasimama katikati ya nguzo ya kwanza na ya pili, mikono ameiachia, akawageukia warushaji kama mtu anayengoja basi. Wakampiga kifuani. Nilikasirika, sitaficha. Niliona tumevuka bahari, tumelala vitini, tumebaki bila soksi, na huyu anajitoa kwenye mpira wa kwanza. Hadija akasema amechoka, mwache.

Faida hakuwa amechoka. Alikuwa anatembea kuelekea benchi la mateka, na alitembea upesi kuliko alivyokimbia.

Sifa alimkumbatia, akamwonyesha mahali pa kukaa. Faida hakukaa benchini. Alitoa kile kitenge, alikuwa amekifunga ndani ya fulana, akakitandika chini kwenye vumbi, akakaa amenyoosha miguu, akamvuta Sifa akae naye. Mnajua ni wakati gani kwetu mwanamke hukaa hivyo. Sifa alijua. Niliona kwa mbali mkono wa Faida ukipanda mgongoni kwake na ukabaki pale.

Wakati huo Hadija alikuwa amepiga mpira wa maisha yake. Uliruka juu ya vichwa vya watu, na yeye anakimbia, nguzo ya pili, ya tatu, anakwenda nyumbani. Akifika, mateka anaachiwa. Faida angelazimika kuinuka.

“Hadija, usifike!” nikampigia kelele.

Alinitazama kama nimepata wazimu, kisha akatazama benchini. Alibakiza hatua moja. Akageuka, akarudi alikotoka, wakampiga. Watu waliguna. Nikawaambia wengine haraka: tusifike nyumbani, na tusikamatwe wote. Mateka akiachiwa, hakuna benchi. Tukiisha, hakuna mchezo.

Tulijitahidi. Lakini sisi ni wanawake wa kupiga deki, si wanariadha. Tulikokotana hivyo mpaka saa tisa, wenzangu wanakamatwa mmoja mmoja, wanakwenda kukaa chini na wale wawili, si benchini, mpaka uwanjani nikabaki mimi peke yangu kati ya nguzo ya tatu na nyumbani, na wanawake wawili wananirushia mpira kutoka pande mbili. Rede tupu. Miaka arobaini sijacheza rede ya kweli. Niliruka, niliinama, nililala chini nikainuka. Kila nikifikiria kuacha naona Sifa amelaza kichwa, Faida anamshika, na huwezi kumwambia mtu alie upesi.

Nahodha wao, mama mrefu aitwaye Odessa, aliushika mpira akauzuia. Alitazama benchi lake, mtunza mateka wake analia chini na wageni wanane wamemzunguka. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kwa pumzi iliyobaki: mama yake amekufa, ndiyo anaambiwa sasa hivi, na mchezo ukiisha sisi tunaondoka.

Odessa alimrushia mwenzake mpira, ukapita mbali nami kabisa. Mwenzake akaelewa, akaurudisha mbali zaidi. Wakaendelea hivyo, wanakosa kwa makusudi, taratibu, mmoja anakwenda kuuokota kama mtu anayeokota kuni. Jukwaani walizomea. Kisha, sijui habari ilipitia wapi, wakaacha. Uwanja mzima ulikaa unatazama wanawake wawili wakimkosa mama mmoja aliyesimama ameshika magoti.

Dereva alipiga honi. Akapiga tena. Nikamwambia Odessa, sasa nipige. Aliurusha polepole kwa chini, ukanigusa begani. Tukawa wote tisa.

Kwa desturi yao hata mateka wa mwisho hula. Nilikaa chini pamoja na wengine, na Sifa, macho yamevimba, kitambaa bado mkononi, akanijazia kiganja karanga za kuchemsha. Zilikuwa za moto bado, zina chumvi. Alikuwa anatimiza kazi yake. Kisha akamshika Faida mkono akamuuliza bila kupandisha sauti:

“Sasa leo nitalala na nani?”

Kwetu mfiwa halali peke yake, na hakuna aliyekuwa amefikiria usiku. Tulikuwa tumepanga namna ya kumwambia, hatukupanga namna ya kumwacha. Odessa aliniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akavua viatu vyake, akakaa chini kwenye kitenge, mahali alipokuwa amekaa Faida, akaweka mkono mgongoni palepale. Wenzake wakavua viatu mmoja baada ya mwingine.

Tulipanda basi wakiwa wamekaa vile.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na ucheleweshaji wowote. Treni zilifika kwa saa yake, ndege ikaondoka kwa dakika yake. Ningezitukana kama ningekuwa na nguvu.

Yule ofisa mpole wa darajani alituuliza matokeo, akavua kofia tulipomwambia. Faida alilala njia nzima, usingizi wa mtu aliyetua mzigo, na kitenge hakikuwemo begini. Sifa alipiga simu siku ya tatu, tukiwa tumesharudi kazini. Alisema Odessa na wenzake wanalala kwake kwa zamu, wameleta magodoro, na mmoja anakoroma kama mama.

Yule mzee wangu wa Flagey ameniuliza matokeo kila siku, maana kwake timu kukamatwa yote bila hata kufika nyumbani mara moja ni aibu isiyosemeka. Na nyinyi mnaniuliza saluni, mnaniuliza kwenye foleni ya mihogo. Basi haya, na msiniulize tena. Tulikamatwa wote tisa. Hatukufika nyumbani hata mmoja. Wa mwisho nilikuwa mimi, na niliomba mwenyewe nipigwe.